Kifaransa baada ya shahada ya kwanza: kisa cha mhitimu wa Kiswahili aliyekataliwa na vyuo vinne

Kisa hiki ni cha mwanafunzi wangu wa zamani. Amenipa ruhusa kukiandika, ameisoma rasimu, na mahali pawili amenisahihisha. Nimeondoa jina lake, mji wa kwao, chuo alichosoma hapa nchini na mji alioishi Ufaransa. Nitamwita Z.

Ninafundisha Kifaransa kwa watu wazima. Kila Januari hujiandikisha watu wawili watatu ambao tayari wana shahada, ya uhasibu, ya utalii, ya sosholojia, na sasa wanataka kuanza lugha kutoka sifuri ili wakasome zaidi nje au wabadilishe kazi. Wengi hawavuki mwaka wa kwanza. Z alivuka, akafika hadi shahada ya uzamili, lakini njiani alipoteza muda mwingi. Sehemu ya upotevu huo niliisababisha mimi mwalimu wake, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuandika.

Mhusika na alichokuwa akikitafuta

Z alihitimu mwaka 2018 katika chuo kikuu cha umma, Kiswahili na Historia, kwa GPA ya 3.7. Ni mtu wa pwani. Alipata kazi ya kufundisha Kiswahili katika shule binafsi ya sekondari, kwa mshahara ambao ukishatoa nauli na kodi ya chumba haubaki kitu, huku marejesho ya mkopo wa masomo wa Bodi ya Mikopo yakimsubiri. Baba yake aliposikia kwamba binti anataka kuanza Kifaransa, aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, digrii si unayo?"

Z alimjibu kwa habari za ajira: mizigo ya Kongo inayopita bandari ya Dar es Salaam, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, watalii. Yote yalikuwa kweli, ila hayakuwa yaliyomwamsha asubuhi. Sababu yenyewe alikuja kuniambia miaka mitatu baadaye. Alipokuwa mwaka wa tatu, mhadhiri wake wa isimu aliwaeleza darasani kwamba miongoni mwa kamusi kubwa kabisa za Kiswahili zilizowahi kutungwa kuna ya padri Mfaransa, Charles Sacleux, aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo mwishoni mwa karne ya 19. Ilianza kuchapwa Paris mwaka 1939, na imejaa maneno ya lahaja za pwani ambayo leo wanayo wazee peke yao. Z aliitafuta, akaipata, akaifungua. Maneno ya bibi yake yalikuwa humo, yamefafanuliwa kwa lugha asiyoijua hata neno moja.

Naomba msomaji aiweke akilini kamusi hii. Z mwenyewe aliisahau pale alipoihitaji zaidi.

Miaka miwili ya kwanza

Alianza Januari 2019, jioni mbili kwa wiki, saa nne kwa jumla. Kuna hesabu ambayo nilipaswa kumpigia siku ya kwanza na sikumpigia. Ngazi za lugha tunazotumia, A1 ya anayeanza hadi C2 ya mjuzi, zinatokana na mfumo wa Baraza la Ulaya wa mwaka 2001. Vyuo vikuu vingi vya Ufaransa hudai angalau B2, na kufika hapo mtu huhitaji takribani saa 550 hadi 650 za masomo. Kwa saa nne kwa wiki hizo ni wiki zipatazo 140 hadi 160, yaani miaka mitatu bila likizo, bila Ramadhani, bila wiki za kusahihisha mitihani ya shule unayofundisha. Z alidhani ni mwaka mmoja na nusu, na alikuwa ameshaitangazia familia hivyo.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa kuliko hilo. Darasani kwangu kulikuwa na sheria: Kifaransa tu, na ukikwama, Kiingereza. Kiswahili kilibaki mlangoni. Niliiweka kwa nia njema, kwa sababu vitabu vyetu vya ziada na kamusi za mfukoni zilikuwa za Kiingereza, na mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo. Matokeo yake Z alikuwa akivuka mito miwili kila aliposema sentensi. Aliwaza kwa Kiswahili, akahamisha kwa Kiingereza, kisha akabisha hodi kwenye Kifaransa.

Makosa yake nimeyahifadhi kwenye madaftari. Aliandika "Je suis faim" badala ya "J'ai faim". Aliandika "J'attends pour le bus", "Je cherche pour mes clés", "J'écoute à la radio". Alitumia "actuellement" akidhani maana yake ni "kwa kweli", kumbe ni "kwa sasa". Nilimkosoa kila kosa peke yake, kwa kalamu nyekundu, kama kwamba hayahusiani. Nilikuwa sijayatazama kwa pamoja nikajiuliza yanatoka nyumba gani.

Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, na madarasa yetu yakasimama kwa zaidi ya miezi miwili. Desemba mwaka huo alifanya mtihani wa DELF, cheti rasmi cha Kifaransa, ngazi ya B1. Mtihani huu una sehemu nne za alama 25 kila moja; unafaulu kwa 50 kati ya 100, mradi usishuke chini ya 5 katika sehemu yoyote. Z alipata 58: kusoma 18, kuzungumza 17, kuandika 15, kusikiliza 8. Hiyo nane ilikuwa inatuambia kitu. Tulifurahia 58 tukaendelea.

Maombi manne

Mwanzoni mwa 2021 aliomba masta katika vyuo vikuu vinne vya Ufaransa, vyote katika fasihi ya Kifaransa. Uamuzi ule haukuwa wa kijinga. Kwa kipimo cha kwetu, aliyesoma lugha na fasihi ya Kiswahili akiongeza Kifaransa ataendelea na fasihi ya Kifaransa. Ngazi inafuata ngazi. Alikuwa na B1, na alitumaini kwamba B2 ingekuja kabla ya Septemba.

Barua yake ya kueleza nia niliisoma na kuisahihisha mimi. Ilisifu utamu wa Kifaransa, ikautaja mji wa Paris mara tatu, ikasema Kifaransa ni lugha ya diplomasia. Sarufi ilikuwa safi. Barua ile angeweza kuiandika mtu yeyote kutoka popote duniani, na mimi sikuliona hilo kwa sababu nilikuwa nikitafuta makosa ya viambishi.

Vyuo vitatu vilimkataa bila maelezo. Cha nne kiliandika mistari miwili: kiwango cha lugha hakitoshi, na uhusiano kati ya masomo ya awali ya mwombaji na programu aliyoiomba hauonekani. Z alinitumia barua hiyo usiku kwa WhatsApp, bila neno lolote. Kesho yake hakuja darasani, na wiki iliyofuata pia hakuja.

Siku tuliyobadilisha njia

Alirudi mwezi Mei. Siku hiyo nilikuwa nafundisha hali ya dhamira tegemezi, ile ambayo Wafaransa huiita subjonctif, na darasa zima lilikuwa limekwama. Nimeieleza kwa Kiingereza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kiingereza hakinisaidii, kwa sababu hali hiyo imekaribia kufa katika Kiingereza cha kila siku. Z akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani kwa kuvunja sheria. 'Je veux que tu viennes' si ni 'nataka uje' tu?"

Niliweka chaki chini. Hatusemi "nataka unakuja". Tunasema "nataka uje", na kitenzi kinabadilika mwisho wake kwa sababu jambo lenyewe halijatokea, linatakwa. "Il faut que je parte" ni "inabidi niondoke". Mtoto wa miaka minne wa Tanga au Mombasa anaijua kanuni hii bila kufundishwa, nami nilikuwa nimeifunika kwa lugha ya tatu isiyokuwa nayo.

Tangu siku ile tulianza daftari jipya, yeye na mimi, la mahali ambapo Kiswahili kinakaa karibu na Kifaransa kuliko Kiingereza kinavyokaa. Nalinakili hapa kwa sehemu, maana ndilo kiini cha kisa.

"J'ai faim" ni "nina njaa", na "j'ai vingt-quatre ans" ni "nina miaka ishirini na minne": lugha zote mbili zinamiliki njaa na miaka, haziwi njaa wala miaka. "J'attends le bus" ni "nasubiri basi", "je cherche mes clés" ni "natafuta funguo zangu", "j'écoute la radio" ni "nasikiliza redio": hakuna kihusishi chochote katikati. Makosa yale yote ya kalamu nyekundu yalikuwa ya Kiingereza. Angetafsiri moja kwa moja kutoka lugha ya mama yake asingeyafanya.

Kisha kuna mahali pa mtendwa. Wanafunzi wanaokuja kupitia Kiingereza husumbuka miezi na "je le vois", kwa sababu kiwakilishi kimekaa kabla ya kitenzi. Lakini "ninamwona" ina -m- kabla ya -ona. "Je t'aime" na "nakupenda" zimejengwa kwa mpangilio mmoja: mimi, wewe, penda. "Je me lave" ni "najiosha", -ji- mbele ya -osha. Ukanushi wa "ne... pas" unaoshika kitenzi pande mbili haumshangazi mtu anayesema "hapendi", ha- mwanzoni na -i mwishoni. "Je lisais quand il est entré" ni "nilikuwa nikisoma alipoingia". Hata ule upatanisho unaowatoa jasho Wafaransa wenyewe, "les lettres que j'ai écrites", ambapo kitenzi kinachukua alama ya barua zilizotangulia, kwa msemaji wa ngeli ni jambo la kawaida: barua nili-zo-andika. Mwenye kupatanisha tangu utotoni hashangai kuombwa apatanishe tena.

Kuna pia mahali ambapo Kiswahili hakisaidii, na palipaswa kujulikana mapema kwa kiwango kile kile. Jinsia ya "le" na "la" haina mantiki ya kushika, ingawa mwenye ngeli angalau amezoea kwamba jina haliji bila kundi lake. Tabaka za "tu", wewe ya kirafiki, na "vous", wewe ya heshima, hatuna. Heshima yetu imo katika shikamoo na katika majina ya kuitana. Na shida kubwa kabisa ni sikio. Kiswahili husomwa kilivyoandikwa, kila herufi inasikika. Kifaransa kina herufi nyingi zisizotamkwa, kina irabu za puani zinazotenganisha "vin", "vent" na "vont", kina u inayotenganisha "dessus" na "dessous", juu na chini. Z alikuwa akisikiliza akitafuta herufi alizoziona kitabuni, na herufi hazikuwepo. Hapo ndipo ile nane kati ya 25 ilipotoka.

Kwa usikilizaji aliamua mwenyewe, na uamuzi wake ulikuwa mzuri. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, hutangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 2010, na kwa Kifaransa ina habari za dakika kumi zilizorahisishwa kwa wanaojifunza, Journal en français facile. Kila siku Z alisikiliza kwanza taarifa ya habari ya Kiswahili, kisha ile ya Kifaransa. Habari kubwa za siku huwa zinafanana, kwa hiyo akili haikuhangaika kuuliza nini kimetokea; ilibaki kushika sauti. Alifanya hivyo miezi sita, kwenye daladala, na masomo akayaongeza hadi saa nane kwa wiki. Novemba 2021 alifanya DELF B2 akapata 65. Kusikiliza kulipanda hadi 11.5. Si alama ya kujivunia, ila ilitosha, na cheti cha DELF hakina tarehe ya kuisha.

Maombi ya pili, na fedha

Tulipokaa kuandika barua mpya nilimuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza: kwa nini Kifaransa, hasa? Ndipo akanieleza habari za Sacleux na maneno ya bibi.

"Mbona hukuiandika hii mwaka jana?"

"Niliona ni mambo ya kwetu, Mwalimu. Nikadhani hawatayajali."

Barua ya pili ilianza na kamusi. Ikaenda kwenye daftari letu la ulinganisho, ikatoa mifano mitatu, ikauliza kwa nini Waswahili wafundishwe Kifaransa kupitia Kiingereza. Paris haikutajwa. Fasihi aliiacha, aliomba masta ya ufundishaji wa Kifaransa kama lugha ya kigeni, ambayo Wafaransa huifupisha FLE, katika vyuo vitatu. Viwili vilimkubali.

Kuhusu fedha nitasema machache yaliyo muhimu kwa atakayeifuata njia hii. Tangu 2019 Ufaransa iliweka ada tofauti kwa wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya: wakati ule ilikuwa euro 3,770 kwa mwaka kwa masta. Vyuo vilikuwa na ruhusa ya kusamehe sehemu, na kimoja kati ya vile viwili kilimsamehe, akalipa kama Mfaransa, euro 243. Kwa tofauti hiyo peke yake alichagua chuo cha mji mdogo akauacha mji mkubwa. Kwa viza alitakiwa kuonyesha euro 615 kwa kila mwezi, yaani 7,380 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni 17 kwa bei ya wakati ule. Akiba yake haikufika robo. Shangazi yake anayeishi Muscat alitoa sehemu kubwa, mama akatoa zamu yake ya mchezo wa upatu, na baba, yule yule wa "digrii si unayo", aliuza cherehani moja kati ya mbili. Z hakuniruhusu niliruke hilo la cherehani.

Mwaka wa kwanza

Alifika Septemba 2022. Wiki ya kwanza alikwenda ofisi ya usajili na karatasi zake, akafika dirishani na kusema moja kwa moja anachotaka. Mtumishi alimtazama kimya, kisha akasema polepole: "Bonjour." Z akarudia ombi lake. Yule akarudia "Bonjour." Alitoka pale amekasirika, akinitumia sauti kwamba amebaguliwa. Inawezekana, mimi sikuwepo. Lakini nilimuuliza kama alisalimia. Hakusalimia. Kwao amelelewa kutopita kwa mtu bila salamu, ila alishaambiwa na watu wengi kwamba Wazungu hawana muda wa salamu, basi akaiacha uwanja wa ndege. Kumbe Ufaransa "bonjour" ni hodi. Ukiingia duka la mkate bila kuitamka umeingia nyumba ya mtu bila kubisha. Alianza kuitamka kama anavyotamka hodi, akasubiri kuitikiwa, na ofisi ile ile ikamsaidia kupata chumba.

Darasani kulikuwa na kazi ngumu zaidi. Insha yake ya kwanza ilirudi na 7 kati ya 20. Kufaulu ni 10, na pembeni mwalimu aliandika kwamba hakuna "problématique", yaani hakuna swali lenye mvutano ndani yake. Z alikuwa ameandika tulivyofundishwa sote: toa msimamo, leta hoja ya kwanza, ya pili, ya tatu, hitimisha. Insha ya kitaaluma ya Kifaransa mara nyingi inataka upande mmoja usemwe kwa nguvu zake zote, kisha upande wa pili usemwe kwa nguvu zake zote, kisha uwapatanishe katika hoja ya juu zaidi. Cheti cha B2 hupima kama unaweza kuandika maneno 250 ya kutetea rai. Hakipimi jambo hili kabisa, na sikuwa nimemwandaa.

Nilimtumia mifano miwili ya insha. Usiku akajibu: "Mwalimu, hii ni ngonjera."

Ni kweli. Ngonjera, kama alivyoikuza Mathias Mnyampala miaka ya 1960, ni ushairi wa wahusika wanaobishana, kila mmoja akijenga upande wake, hadi mwisho wakubaliane. Z alikuwa amefanya mtihani wa ushairi chuoni na alizijua ngonjera kwa kina. Insha yake ya pili aliipanga kwa wahusika wawili pembeni mwa karatasi, kisha akawafuta majina. Alipata 11. Alishtuka tena, safari hii kwa kudhani 11 ni aibu, mpaka wenzake Wafaransa walipompongeza; kule 14 ni alama ya mtu mzuri sana, na 18 wengi hawaioni mpaka wanahitimu.

Hata hivyo 11 ilikuja kwa kuchelewa. Muhula wa kwanza aliumaliza na wastani wa 9.2, chini ya kufaulu. Kulikuwa na somo la fonetiki alilolianguka kabisa, na kulikuwa na majira ya baridi, chumba cha mita za mraba tisa, giza saa kumi na moja jioni, na miezi ambayo hakuzungumza na mtu isipokuwa kununua chakula. Hakwenda kuwaona wahadhiri wake hata mara moja, kwa sababu alichukulia kumfuata mwalimu ofisini ni kumsumbua mkubwa. Juni alifanya sapu, mitihani ya marudio, akavuka mwaka kwa wastani wa 10.8.

Mwaka wa pili na matokeo

Mwaka wa pili ulitaka mafunzo kwa vitendo. Z aliyapata katika kikundi cha kujitolea kinachofundisha Kifaransa wageni wapya, na humo akakutana na kina mama watatu wa Kivu, mashariki ya Kongo, wanaozungumza Kiswahili. Hawakuwahi kukaa darasani. Kifaransa walikuwa wamekisikia maisha yao yote bila kufundishwa. Kiswahili chao si cha pwani, na wiki ya kwanza walichekeana sana kwa maneno. Alipowaandikia "na-ku-penda" na chini yake "je t'aime", akachora mistari ya kuunganisha, mmoja wao alisema ameishi na neno lile la Kifaransa miaka thelathini bila kujua kwamba limekatika vipande.

Tasnifu yake ilitoka humo: namna ya kufundisha viwakilishi vya mtendwa na hali ya dhamira tegemezi kwa kuanzia Kiswahili. Kwa utafiti alikwenda Paris mara mbili, maktaba ya BULAC, ambayo iko jengo moja na INALCO, chuo kinachofundisha Kiswahili pamoja na lugha nyingine nyingi za dunia. Hapo aliiagiza kamusi ya Sacleux, ikaletwa mezani, akaisoma. Alinipigia simu kutoka ngazi za nje akilia, na sikumwelewa vizuri isipokuwa neno "bibi".

Alimaliza mwaka 2024 kwa wastani wa 13.4, daraja la "assez bien". Alirudi Tanzania, akakaa miezi saba bila kazi ya kudumu. Nafasi ya chuo aliyoitamani hakuipata, na hadi sasa hajaipata. Anafanya kazi katika kampuni ya wakala wa forodha Dar es Salaam, akitafsiri nyaraka za wateja wa Lubumbashi na Kolwezi na kuzungumza nao kwa simu, mara kwa Kifaransa, mara kwa Kiswahili chao. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kazi ya namna hii haipungui. Mshahara ni zaidi ya mara mbili ya ule wa shuleni. Cherehani ya baba imenunuliwa upya.

Uchambuzi

Nikipima uamuzi mmoja mmoja, uliozaa matunda zaidi ni kubadilisha programu. Shahada ya Kiswahili ilikuwa mzigo mbele ya fasihi ya Kifaransa, maana kule alishindana na watu waliosoma fasihi hiyo tangu sekondari. Mbele ya ufundishaji wa lugha, shahada ile ile ikawa mtaji ambao wenzake darasani hawakuwa nao. Mhitimu anayeanza lugha mpya huona kama amerudi darasa la kwanza. Mimi pia nilimwona hivyo. Tulipoteza mwaka mzima kwa kuomba kama kwamba miaka yake mitatu ya chuo haikuwepo.

Barua ya pili ilifaulu kwa sababu ile ile. Mambo aliyoyaona ni "ya kwetu" ndiyo yaliyomtofautisha na waombaji wengine.

Uamuzi wa mji mdogo kwa ajili ya ada ulikuwa sahihi kwa hesabu, na bado una gharama yake: mwaka wa kwanza hakumjua Mswahili hata mmoja karibu, na upweke ule ulichangia kwenye 9.2. Ningekuwa na kisa kingine kama hiki leo, ningemsihi mhusika atafute watu wa kuzungumza nao kabla ya kufika, na awaone wahadhiri wake mwezi wa kwanza kabisa.

Kuanza maombi na B1 mkononi lilikuwa kosa la wazi, na jukumu la kulizuia lilikuwa langu. Kosa la kutoandaa insha ya kitaaluma pia ni letu walimu. Tunafundisha hadi cheti, tunapiga picha na cheti, kisha tunamwachia mtu ugumu wenyewe akiwa peke yake ugenini. Sasa wanafunzi wangu wa B2 wanaoelekea chuo huandika insha nne ndefu kabla ya kuondoka, kwa mtindo wa ngonjera.

Walioniuliza kama haya yanafaa kwa Kihispania, nawajibu kwamba sehemu ya sarufi inafaa pakubwa: "tengo hambre" ni "nina njaa", "te quiero" ina -ku- yake mbele, "quiero que vengas" ni "nataka uje". Mitihani yake ni DELE, ya Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya kueneza lugha. Na Kihispania kina neema moja kwa sikio la Mswahili: irabu zake ni tano kama zetu, na husomwa karibu kama kilivyoandikwa.

Ile sheria ya kukiacha Kiswahili mlangoni niliifuta Juni 2021. Siidai kuwa dawa ya kila darasa; wanafunzi wa Arusha waliokulia Kiingereza hawafaidiki nayo kwa kiwango hicho. Lakini Jumamosi asubuhi sasa tuna kundi la watu tisa, wahitimu saba kati yao, na Z hulifundisha nami kabla ya kwenda kazini zamu ya mchana. Somo la kwanza ni "nakupenda". La pili ni "nataka uje". La sauti ya u ndilo bado linatushinda: tumejaribu kioo, tumejaribu kupiga mluzi, tumejaribu kuwaambia waseme i huku midomo imeviringwa kama ya kupuliza chai. Watano wanaipata, wanne wanasema "dessous" wakimaanisha "dessus", na wiki ijayo tutajaribu kwa kuimba.